Niwinde Wapi? Mwongozo kwa Anayewinda kwa Mara ya Kwanza Mpanda na Mkoani Katavi

Mkazi wa Mpanda hahitaji kusafiri mbali ili aone wanyamapori. Akifuata barabara ya kusini kwa takriban kilomita 35 atafika Sitalike, na pale mto Katuma unapopita atawaona viboko wamejazana majini kama magunia yaliyopangwa ghalani. Akielekea mashariki, njia ya Inyonga, atapita miombo saa nyingi kabla ya kuona moshi wa kijiji kingine. Kwa mandhari ya namna hii, ni rahisi mtu kuamini kwamba palipo na pori pana ruhusa ya kuwinda, na kwamba kinachohitajika ni bunduki, gari na rafiki aijuaye njia.

Ukweli ni kinyume chake. Katika pori lote hilo, sehemu ambayo raia wa kawaida anaweza kuwinda kihalali ni ndogo, na mara nyingi siyo ile yenye wanyama wanaoonekana kwa wingi. Kukosea mahali si kosa dogo la kulipiwa faini na kusahauliwa. Mnyama aliyeuawa bila ruhusa, au mahali pasiporuhusiwa, ni nyara ya Serikali, hata kama kilichobaki ni mapaja mawili ya swala ndani ya mfuko wa sandarusi. Kukutwa na nyara hizo isivyo halali huhesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, na wapo Watanzania waliohukumiwa kifungo cha miaka 20 jela kwa kosa hilo. Kwa sababu hiyo, makala haya yanaanza na mahali; bunduki itafuata baadaye.

Pori moja, sheria nyingi

Uwindaji nchini unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na msimamizi wake mkuu nje ya hifadhi za taifa ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi kama TAWA. Sheria inatenganisha uwindaji wa kitalii, ambao mgeni huufanya kupitia kampuni iliyopewa kitalu na chini ya mwindaji bingwa, na uwindaji wa wenyeji, ambao ndio unaomhusu msomaji wa kijitabu hiki. Aina hizi mbili hazifanyiki chini ya masharti yale yale, na leseni ya aina moja haimpi mtu haki ya nyingine.

Hifadhi ya Taifa Katavi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 4,471, haiwindwi kabisa. Hakuna leseni, barua wala cheo kinachoruhusu mtu kuwinda humo. Inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na mgeni huingia kutazama na kupiga picha tu. Mapori ya akiba yanayopakana nayo, kama vile Rukwa na Lukwati, huwindwa, lakini humo ndimo vilimo vitalu vya kampuni za kitalii. Mkazi anayeingia humo na leseni ya wenyeji ni sawa na abiria aliyekata tiketi ya basi akapanda treni.

Kinachobaki kwa mwenyeji ni baadhi ya mapori tengefu na maeneo ya wazi, yaani ardhi iliyo nje ya hifadhi ambako Serikali imetoa mgawo wa wanyama wa kuwindwa. Hata hapa pana tahadhari. Sehemu ya pori tengefu inaweza kuwa kitalu cha kampuni, na sehemu nyingine isiwe. Eneo la wazi linaweza kuwa na mgawo mwaka huu na kukosa mwakani, kwa kuwa mgawo hutegemea hali ya wanyama. Swali la kuuliza ofisini, basi, ni hili: “Msimu huu, leseni ya mwenyeji inatumika katika eneo gani hasa, na mpaka wake uko wapi?” Ukiuliza tu kama Mlele kunawindwa, utajibiwa ndiyo na utapotea.

Ipo pia misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Msitu wa namna hii unaweza kuwa ndani ya eneo la uwindaji, na kibali cha kuwinda hakifuti masharti ya kuingia msituni. Zipo vilevile Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambazo ni ardhi za vijiji vilivyoungana kuhifadhi na kunufaika na wanyama wao. Majirani zetu wa Mkoa wa Tabora wanazo mbili zinazofahamika, Ipole na Uyumbu. Katika maeneo hayo wenye neno la kwanza ni wanajumuiya wenyewe, na mwindaji anayepita moja kwa moja bila kuonana na uongozi wao amejitafutia shari.

Kumbukumbu ya mzee si ramani

Mtu anayeanza kuwinda kwa kawaida hufundishwa na aliyemtangulia: baba, mjomba, au jirani aliyewahi kumiliki bunduki. Elimu hiyo ina thamani kubwa katika kusoma nyayo, upepo na tabia za mnyama. Katika mipaka, hata hivyo, inaweza kumpeleka kijana gerezani.

Mfano ulio wazi ni Ugalla, kaskazini mwa mkoa wetu. Kwa miaka mingi palikuwa pori la akiba, na uwindaji ulifanyika humo. Mwaka 2019 sehemu ya pori hilo ilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Mti ni ule ule, mto ni ule ule, na mzee anayekumbuka mahali alipompata kongoni hasemi uongo. Ila risasi iliyokuwa halali wakati ule ni jinai leo. Katavi yenyewe ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1974, na mwaka 1998 ikapanuliwa kwa kiasi kikubwa. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo inaonyesha nchi isiyokuwepo tena.

Mabadiliko huenda pia upande wa pili, kutoka pori kuwa makazi. Katumba na Mishamo yalianza miaka ya 1970 kama makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Leo ni maeneo yenye mashamba, shule na watu wengi waliokwisha kupewa uraia. Risasi ya raifo ikikosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka, nayo haichagui inapoangukia. Kabla ya kukubali eneo lolote, uliza pia ni nani wanaolitumia. Katika miombo ya Mlele na Inyonga warina asali hukaa porini siku nyingi wakikagua mizinga, na moshi unaouona kwa mbali huenda ni wao.

Ubaya wa kuwinda karibu na mpaka wa hifadhi

Hapa ndipo wanaoanza wengi huteleza, na hatuoni sababu ya kulizungumza kwa mafumbo. Vishoka wanaotafuta wateja mjini hupenda kuahidi “sehemu za karibu na Sitalike” au “upande wa Kibaoni, wanyama wanatoka wenyewe”. Ahadi hiyo ni ya kweli nusu. Wanyama huvuka mpaka wa hifadhi kwenda na kurudi, na mtu aliyekaa ukingoni atawaona wengi kuliko aliyeko ndani ya miombo. Lakini sheria inakataza kuwinda karibu na mpaka wa hifadhi ya taifa, na umbali unaotakiwa hupimwa kutoka kwenye mpaka halisi, si kutoka kwenye kibao kilichoko barabarani.

Hata mtu akizingatia umbali huo, bado ukingo wa hifadhi ni mahali pabaya kwa anayejifunza. Anayeanza hujeruhi mara nyingi zaidi kuliko anavyoua. Hilo si tusi, ni hali ya kila fundi mwanafunzi. Mnyama aliyejeruhiwa hukimbilia anakokujua, na kwa mnyama wa Katavi huko ni ndani ya hifadhi. Mwindaji ana wajibu wa kumfuatilia mnyama aliyemjeruhi na kummaliza asiendelee kuteseka, lakini hana ruhusa ya kuvuka mpaka na bunduki. Atakachoweza kufanya ni kusimama, kuweka alama mahali damu ilipoishia, na kwenda kutoa taarifa kwa askari wa wanyamapori. Mnyama amepotea na siku imekwisha, na bado atapaswa kueleza kwa nini alikuwa pale.

Kwa maoni yetu, anayeanza achague eneo lililo mbali na mpaka wa hifadhi, hata kama wanyama ni wachache na safari ni ndefu. Atarudi mikono mitupu mara nyingi zaidi, lakini hatakuwa na la kuwaeleza askari.

Inasimuliwa miongoni mwa Wabende kwamba Katavi ni jina la Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale ambaye roho yake inakaa katika mkwaju karibu na ziwa linaloitwa kwa jina hilo hilo, na watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti huo. Mwindaji mkubwa kuliko wote wa nchi hii, basi, makazi yake yamo ndani ya eneo lisilowindwa.

Mnyama kwanza, eneo baadaye

Leseni huandikwa aina ya mnyama, idadi, eneo na muda wa kuwinda. Maana yake ni kwamba huwezi kuchagua eneo kabla ya kujua unamtaka mnyama gani, kwani mgawo wa eneo moja unaweza kuwa na ngiri na tohe lakini usiwe na nyati.

Tunashauri anayeanza aanze na ndege. Kanga na kwale huwindwa kwa bunduki ya marisau, ambayo madhara yake hayaendi mbali kama ya raifo. Hupatikana pembezoni mwa mashamba ya zamani, na humfundisha mwindaji kutembea, kunyamaza na kutofyatua anapokuwa na shaka. Baada ya ndege, wanyama wa wastani kama swala pala, ngiri au tohe wanatosha. Nyati si mnyama wa kujifunzia. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kwenye nyasi ndefu akimngoja anayemfuata, na wawindaji wazoefu wamepoteza maisha kwa njia hiyo.

Miombo ina mtihani mwingine. Humo hukaa palahala na korongo, wanyama wawili wakubwa wa jamii moja wenye pembe zilizopinda kwa nyuma. Dume la palahala ni jeusi na halimchanganyi mtu. Jike lake lina rangi ya kahawia, na kwa mbali, jua likiwa machoni, huweza kudhaniwa korongo. Kama leseni inamtaja mmoja na ukamwangusha mwingine, umewinda bila leseni. Katika wanyama wengine jinsia huonekana kichwani: swala pala, tohe na nsya, kwa kawaida wenye pembe ni madume. Hilo ni muhimu kwa sababu jike lenye mtoto halipigwi. Asiyeweza kutenganisha hawa kwa uhakika atumie siku moja ndani ya Hifadhi ya Katavi akiwa mtalii wa ndani, na darubini mkononi. Mtanzania hulipa kiingilio kilicho chini sana ya kile cha mgeni, nasi hatujui shule nyingine ya bei hiyo.

Wakati nao ni sehemu ya mahali

Msimu wa uwindaji wa wenyeji hufunguliwa Julai, kiangazi kikiwa kimeshika. Tarehe za mwanzo na mwisho za leseni yako zisome kwenye leseni yenyewe, si kwenye maelezo ya mtu. Mwezi Julai nyasi za miombo bado ni ndefu na mnyama huonekana akiwa karibu mno au haonekani kabisa. Kuanzia Agosti moto huwa umepita sehemu nyingi na macho hufika mbali. Septemba na Oktoba maji hukauka, wanyama hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki, na kishawishi cha kukaa kando ya dimbwi na kusubiri huwa kikubwa. Sheria imelikataza hilo, kama ilivyokataza kuwinda usiku kwa taa, kufyatua risasi kutoka ndani ya gari, kutumia mitego ya nyaya, sumu, mbwa au gobore. Eneo ambalo mwongozaji wako analisifu kwa sababu lina “dimbwi zuri la kuvizia” lina kasoro, halina sifa. Novemba mvua zinapoanza, barabara nyingi za ndani hazipitiki, na gari lililozama Inyonga ndani huchukua siku kadhaa kunasuliwa.

Maelezo ya mbung'o huwa hayamo katika matangazo. Katavi inao wengi, nao hufuata gari na mtu, hasa aliyevaa nguo za buluu iliyokoza au nyeusi. Vaa rangi ya khaki, mikono mirefu, na ukipata homa baada ya kurudi mweleze daktari kwamba ulikuwa kwenye pori lenye mbung'o, ili apime malale pamoja na malaria.

Fedha, leseni na vishoka

Utaratibu wa kawaida huanza ofisini, na unaishia porini. Bunduki iwe na leseni halali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayosimamiwa na Jeshi la Polisi. Usikubali “kuazimwa” bunduki ya mtu kwa maneno ya mdomo. Mwenye bunduki na mwazimaji wote watakuwa na kosa. Kisha mwombaji huonana na ofisi ya TAWA, na Afisa Wanyamapori wa halmashauri inayohusika, iwe Nsimbo, Mlele, Mpimbwe, Tanganyika au Manispaa ya Mpanda, ili ajue mgawo uliopo na masharti yake.

Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, na hulipwa benki au kwa simu. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo ni la taasisi. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Hakuna afisa anayeruhusiwa kupokea ada ya leseni kwenye namba yake ya simu, hata kama mtandao uko chini, hata kama msimu unakaribia kufungwa, hata kama ni ndugu.

Tuseme mtu ameambiwa kuna “kibali cha kikundi”: watu sita wachangie, jina liandikwe la mmoja, kila mtu apige mnyama wake. Bei inavutia. Lakini leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake na haihamishiki. Wale watano wengine wakikamatwa na nyama, hawana karatasi yoyote ya kuwatetea, na fedha waliyotoa haina stakabadhi ya kuidai. Hali ni hiyo hiyo kwa leseni ya mwaka jana “iliyoongezwa muda” kwa kalamu, au nakala isiyo na asili yake.

Mwongozaji binafsi, dereva na mwenye kambi ni biashara kama nyingine, na mlaji ana haki ya kujua anacholipia. Andikianeni, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari: siku ngapi, eneo gani, nani analipa mafuta na chakula, nini kitatokea gari likiharibika siku ya kwanza, na kiasi gani kitarudishwa safari ikiahirishwa. Mwongozaji mwaminifu hatakuahidi mnyama. Anayesema “usipopata hulipi” anajitia katika haja ya kuhakikisha unapata, kwa njia yoyote, nawe ndiye mwenye jina kwenye leseni.

Siku ya safari, pitia kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji kilicho jirani na eneo la kuwinda. Mweleze ni akina nani, mna gari gani, mtakuwepo hadi lini. Askari wa wanyamapori wa kijiji akisikia mlio wa bunduki atajua ni nani, na wanakijiji watajua upande wa kutokwenda kuokota kuni.

Baada ya risasi

Mnyama akipatikana, leseni ijazwe palepale na taarifa ifikishwe kwa afisa kama masharti yanavyoelekeza, kabla nyama haijasafirishwa. Leseni isafiri na nyama. Kama ndugu atachukua sehemu kwenda Tabora kwa treni, aulize kwanza hati anayotakiwa kuwa nayo, maana ukaguzi wa njiani hautamwuliza aliyebaki Mpanda. Pembe na ngozi huhitaji hati ya umiliki.

Nyama hiyo ni ya kula nyumbani. Kuiuza, hata kilo moja kwa jirani, kunahitaji kibali. Kanuni za mwaka 2020 zimeweka utaratibu wa mabucha ya nyamapori yaliyosajiliwa. Wapo wasomaji watakaogundua, wakifika hapa, kwamba walichokitaka tangu mwanzo ni kitoweo tu. Kwao bucha lililosajiliwa, lenye stakabadhi, ni nafuu kuliko ada, mafuta na siku nne porini, nasi hatuoni aibu kuwaelekeza huko.

Ukidhulumiwa

Tunza stakabadhi, ujumbe wa simu na jina la kila uliyemlipa. Aliyekuuzia leseni ya kughushi ametenda jinai. Peleka taarifa polisi na TAWA, na ufanye hivyo kabla hujaingia porini na karatasi hiyo, kwa kuwa ukishakamatwa nayo utaanza kwa kujitetea. Ukiombwa rushwa na mtumishi wa umma, piga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Mwongozaji au mwenye kambi aliyekupotosha kuhusu huduma anaweza kulalamikiwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha mlaji. Andika malalamiko yako kwa ufupi, taja tarehe na kiasi, na uambatishe nakala za stakabadhi. Zile za asili zibaki kwako.